Maisha ya Daktari Krapf na Mlima wa Weupe na Weusi

Msafiri wa pwani anayefika Nyeri kwa mara ya kwanza, akatoka msikitini baada ya sala ya alfajiri na kuelekeza uso wake upande wa matlai, atauona Mlima Kenya ukiwa mweusi mtupu. Jua li nyuma yake, mbingu zimekunjuka, na mlima umesimama mbele ya mwangaza huo kama kivuli kilichokatwa kwa mkasi. Mtu huyo huyo akingoja hata alasiri, jua linapoelekea milima ya Nyandarua, naye akajaaliwa mawingu kufunguka, atakiona kilele kile kile kina mistari myeupe inayometa juu ya mwamba. Na ndugu yake aliyeamkia Chuka au Meru, upande wa pili wa mlima, huwa ameuona weupe huo tangu asubuhi. Wawili hao wakikutana sokoni Karatina wanaweza kubishana hata waapizane, mmoja asema mlima asubuhi ni mweusi, mwingine asema ni mweupe, na wote wawili wawe wakweli.

Jambo hili lina mafunzo. Jicho la mwanadamu halioni kitu kikiwa peke yake. Hukiona kwa kukipima na kitu kilicho mkabala wake. Weupe hudhihiri penye weusi, na nuru hudhihiri penye giza. Na ulimi wetu nao ni vivyo hivyo. Mtu hajui hasa maana ya neno utamu mpaka ajue uchungu ni nini, wala hajui amani mpaka aijue hofu.

Sisi Waislamu twakumbushwa haya kila Ramadhani ifikapo. Aya ya saumu inataja uzi mweupe na uzi mweusi wa alfajiri. Sahaba Adi bin Hatim, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alichukua kamba mbili, nyeusi na nyeupe, akaziweka chini ya mto wake, akawa anazitazama usiku asiweze kuzipambanua. Kulipokucha alikwenda kwa Mtume (s.a.w.), akaelezwa kuwa makusudio ni giza la usiku na weupe wa mchana. Macho ya Adi hayakuwa na kosa lolote. Kilichompita ni njia ya lugha. Basi yako mambo mawili: tafauti aionayo mtu kwa jicho, na tafauti aisemayo kwa ulimi. Mwenye kuyachanganya hupotea, hata akiwa mwema wa nia.

Leo twataka kusimulia maisha ya mtu ambaye mambo hayo mawili yalikutana kwake. Naye ni Johann Ludwig Krapf, mtungaji wa mwanzo wa sarufi ya Kiswahili miongoni mwa Wazungu, na Mzungu wa kwanza kupeleka Ulaya khabari ya kuuona Mlima Kenya kwa macho yake. Huenda msomaji akauliza, kwa nini sisi tushughulike na maisha ya mmisionari aliyekuja kuwatoa watu katika dini nyingine awatie katika yake? Jawabu letu ni kuwa tumeamrishwa tusiache uadilifu kwa sababu ya chuki baina yetu na watu. Na jingine ni kuwa jina la nchi hii lilitokea katika kalamu yake, na mtu asiyejua asili ya jina lake ana upungufu.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika nchi ya Württemberg ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, jirani mmoja alimpiga kipigo kikali kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua kwa miezi. Katika ugonjwa huo alishikamana na kusoma, na tangu hapo hakukiacha kitabu.

Baadaye alipata ramani ya Afrika. Alipoitazama pembe ya mashariki, nchi za Waadali na Wasomali, aliona karatasi nyeupe yenye majina machache mno. Penginepo ramani ilijaa maandishi meusi ya miji na mito. Pale palikuwa patupu. Mtoto yule akajiuliza kama nchi ile haina watu, labda imejaa fisi tu, maana alikuwa amesoma khabari za fisi wa Uhabeshi. Tazama namna jicho lilivyomdanganya. Weupe wa karatasi haukuwa na maana ya kuwa nchi haina watu. Ulikuwa na maana ya kuwa mchora ramani hana khabari. Upungufu ulikuwa katika elimu ya mwandishi, lakini msomaji akaudhania kuwa ni upungufu wa nchi. Na kosa hili halikuwa la mtoto huyo peke yake. Wako wakubwa wengi waliolifanya baada yake kwa karne nzima.

Alisoma katika chuo cha wamisionari cha Basel, kisha Tübingen, akawa padri. Mwaka 1837 alikwenda Uhabeshi akitumwa na chama cha Kiingereza cha Church Missionary Society, akakaa Shoa kuanzia 1839. Mwaka 1842 alizuiliwa kurudi huko, na mwaka huo huo akamwoa Rosine Dietrich. Njia ya kaskazini ilipofungika, akaazimia kuja kwetu. Mwezi wa Januari 1844 alifika Unguja, akapokewa na Sayyid Said bin Sultan, aliyempa barua ya kumwombea wema kwa maliwali wake wa pwani. Mfalme Mwislamu ndiye aliyemfungulia mlango, na jambo hilo lifaa kukumbukwa.

Akafika Mombasa pamoja na mkewe mwaka huo. Haikutimia miezi mingi, homa ikawashika wote wawili. Mwezi wa Julai 1844 Bibi Rosine alifariki, na mtoto wao wa kike aliyezaliwa siku zile akamfuata. Wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani, hajiwezi. Mwengine angalirudi kwao. Yeye alibaki.

Katika miezi hiyo hiyo ya msiba alikuwa amekwisha kuanza kujifunza Kiswahili, na mmoja wa makadhi wa Mombasa alikaa naye akamsaidia katika lugha. Yatupasa tulisimamie jambo hili kidogo. Kadhi alimjua mgeni huyu ni nani na ametaka nini, na juu ya hayo hakumnyima elimu ya maneno. Hakuogopa kuwa dini yake itayeyuka kwa kukaa meza moja na mtu wa dini nyingine. Huo ndio uungwana wa kweli wa wazee wetu.

Mwaka 1846 alifika mwenziwe, Johannes Rebmann, wakajenga kituo chao Rabai Mpya. Krapf alikuwa na matumaini ya kuunganisha vituo vya misheni mfano wa mnyororo kutoka bahari ya mashariki mpaka ya magharibi. Kwa hivyo walianza safari za bara. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliuona mlima wa Kilimanjaro na weupe juu ya kilele chake. Akamwuliza aliyekuwa akimwongoza njia, na mtu yule akauita weupe ule baridi tu. Hakuwa na neno jingine. Pwani tuna neno theluji, tulilolitoa katika Kiarabu, lakini lilikuwa ni neno la vitabuni. Hapakuwa na mtu aliyekigusa kitu chenyewe. Katika miji yetu yalikuwako masimulizi kwamba weupe ule wa mlimani ni fedha, nayo inalindwa na majini.

Ndugu msomaji, fikiri. Sisi wa pwani tulizoea kujiita waungwana wastaarabu na kuwaita watu wa bara washenzi. Kwa tafauti hiyo ya maneno tulijiona tumejaa nuru na wenzetu wamejaa giza. Kumbe katika jambo hili mtu wa bara alikuwa na elimu ya hakika, amekigusa kitu akajua kuwa ni baridi, na sisi tulikuwa na hekaya ya fedha na majini.

Mwezi wa Novemba 1849 Krapf aliondoka Rabai kwenda Ukambani. Mwezi huo alijionea mwenyewe Kilimanjaro, akaridhika kuwa mwenziwe hakukosea. Akafika Kitui kwa Kivoi, mkuu wa wafanyabiashara wa Kikamba, mtu mashuhuri ambaye misafara yake ya pembe za ndovu ilishuka mpaka pwani. Huko alikutana pia na mtu kutoka upande wa Embu, akamwuliza juu ya mlima mkubwa uliotajwa na Kivoi. Yule mtu akamweleza kuwa ameufikia mara nyingi lakini hakupanda juu sana, kwa sababu kuna kitu cheupe chenye baridi kali. Na kitu hicho hutoa maji daima, nayo huteremka yakaingia katika mto Dana, ndio huu Tana wetu unaomwaga maji baharini karibu na Kipini. Maelezo haya ya mtu wa Embu yalikuwa sahihi kuliko vitabu vyote vilivyokuwako Ulaya wakati huo.

Tarehe 3 Desemba 1849 mbingu zilisafika, na Krapf akauona mlima kutoka Ukambani, mwendo wa kiasi cha kilomita 150. Aliona kama pembe mbili au nguzo mbili zimesimama juu ya mlima mpana, na weupe umezifunika. Pembe hizo ndizo vilele viitwavyo leo Batian, wenye meta 5,199, na Nelion, wenye meta 5,188. Mwamba wa vilele hivyo umekwenda wima hata theluji haiwezi kukaa juu yake, huporomoka. Kwa hivyo mwamba hubaki mweusi, na theluji hukaa katika nyufa na vibao vya mlima. Kama mlima wote ungalikuwa mweupe, ungalipotea kwa mbali ndani ya mawingu meupe. Weusi wa mwamba ndio uliomwonyesha weupe wa theluji.

Akauliza jina, na Wakamba wakamtajia kwa matamshi yao, naye akaliandika mara Kegnia, mara Kenia. Wakikuyu wanauita mlima huo Kirinyaga. Neno nyaga kwa Kikuyu ni mbuni, na Wakamba huliacha lile g, wakasema nyaa. Wengi waliolichunguza jina hili hulieleza kuwa ni mlima wenye sura ya mbuni. Mbuni dume mwili wake una manyoya meusi, na mabawa yake na mkia wake una manyoya meupe. Aliyeutazama mlima siku iliyo safi kutoka Nyeri au Kerugoya, kisha akamwona mbuni dume nyikani, hatataka kuongezewa ushahidi. Wako wengine wanaolieleza kwa maana ya kung'ara, na maana hizo mbili hazipigani, kwani kinachong'ara ni ule weupe ulio kando ya weusi. Nao Wamasai, waliokuwa wakichunga nyanda za Laikipia, upande wa Nanyuki ya leo, waliuita Ol Donyo Keri, yaani mlima wa mistari. Kila kabila lilitazama kwa upande wake na kusema kwa lugha yake, na wote wakashika jambo moja: mlima huu ni wa rangi mbili zilizokabiliana.

Msomaji wa Kurani hatastaajabu. Katika Surat Fatir, aya ya 27, Mwenyezi Mungu anatutajia milima yenye njia nyeupe na nyekundu za rangi mbali mbali, na myeusi sana. Na aya inayofuata inasema juu ya wenye elimu, kuwa hao ndio wamchao Mungu. Rangi za milima na elimu zimetajwa bega kwa bega. Na wanavyuoni wetu wa zamani waliifuata ishara hiyo. Al-Hasan bin al-Haytham, aliyezaliwa Basra kiasi cha mwaka 965 na kufa Misri kiasi cha mwaka 1040, alitunga Kitabul-Manadhir katika sehemu saba juu ya kuona. Alieleza kuwa nyota hazionekani mchana, ingawa zipo, kwa sababu nuru ya jua imeenea mbinguni. Akaeleza pia kuwa doa la rangi likitiwa juu ya kitu cheupe huonekana limekoza karibu na weusi, na doa la rangi ile ile likitiwa juu ya kitu cheusi huonekana limefifia. Rangi haikugeuka, kilichogeuka ni jirani yake. Kwa hivyo, alifundisha, jicho lahitaji hukumu ya akili, nalo lisipopata hukumu hiyo hukosea.

Krapf na Rebmann walipopeleka khabari zao Ulaya, wako waliozipokea kwa furaha, na wako waliozikataa. Mkubwa wa wakatazi alikuwa William Desborough Cooley, bwana wa London aliyebobea katika vitabu vya jiografia, lakini hakupata kukanyaga nchi hizi. Mwaka 1852 alichapisha kitabu cha kueleza bara la Afrika, akashikilia kuwa khabari za theluji karibu na mstari wa ikweta hazifai kusadikiwa. Wakatazi walisema pengine macho yalihadaika, na weupe ule ni mawe au udongo unaometa juani. Si haramu kutia shaka. Shaka ni mlango wa elimu. Kosa la Cooley ni kuwa alipoletewa ushahidi wa walioona, wa Mzungu na wa mwenyeji, aliuweka chini ya dhana yake. Alikuwa akifuata kibubusa yale aliyokwisha kuyaandika. Nasi tusimcheke mno, kwani wako kati yetu wanaokataa dalili iliyo wazi kwa sababu tu haikutajwa na mzee wao.

Mwaka 1851 Krapf alirudi Ukambani. Mwezi wa Agosti alifuatana na Kivoi kuelekea mto Tana, wakashambuliwa na wanyang'anyi njiani. Kivoi akauawa pamoja na baadhi ya watu wake, na Krapf akabaki peke yake nyikani. Kiu ilimkaza mpaka akaufikia mto. Hakuwa na chombo cha kuchukulia maji, akajaza mfuko wa ngozi wa darubini yake na mitutu ya bunduki yake, akatembea usiku na kujificha mchana hata akaokoka. Hakuufikia mlima. Alioijua theluji yake kwa mbali tu, na hakuigusa maishani mwake.

Mwaka 1853 afya yake ilimlazimisha kuondoka. Alirudi mara nyingine mwaka 1862 kuwasaidia wamisionari wa Kimethodisti kule Ribe, lakini hakuweza kukaa. Maisha yake yaliyobaki aliyamalizia Kornthal, katika nchi yake, juu ya karatasi na wino.

Sasa twafika kwenye kazi yake ya lugha, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi. Mwaka 1850 alichapisha Tübingen sarufi ya Kiswahili, na mwaka huo huo akachapisha msamiati wa lugha sita za Afrika ya Mashariki, zikiwamo Kikamba, Kinyika na Kipokomo, akizipanga kando kwa kando. Maana lugha nazo hujuana kwa kukabiliana. Neno la Kikamba likiwekwa karibu na la Kiswahili, udugu wao huonekana, na tafauti yao huonekana. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Ndani yake mmehifadhiwa maneno mengi ya Mvita ambayo leo hata wazee hawayatumii.

Haya ndiyo manyoya meupe. Lakini hatutauficha weusi. Katika sarufi yake ya 1850 alipendekeza Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kilatini, si kwa herufi za Kiarabu ambazo wazee wetu walikuwa wakiziandikia mashairi, barua na hati kwa karne nyingi. Na moja ya sababu alizozitoa waziwazi ni kuwa herufi za Kiarabu zingeufungulia Uislamu mlango wa kuingia kwa watu wa bara. Hakuwa peke yake, na serikali zilizokuja baadaye zilifanya makubwa kuliko yeye. Lakini yeye alikuwa miongoni mwa waliotangulia. Matokeo yake twayaona. Mjukuu hawezi kusoma barua ya babu yake, na kijana wa mjini hudhani kuwa kabla ya Wazungu hatukuwa na maandishi.

Na lililo ajabu ni hili. Mtu huyo huyo aliyetaka kuziondoa herufi zetu, ndiye aliyezichukua hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi hizo hizo, akazipeleka Halle mwaka 1854 zikahifadhiwa. Miongoni mwake ulikuwamo utenzi wa Herekali, ambao ni katika tenzi kongwe zinazojulikana. Kwetu karatasi ngapi zimeliwa na mchwa, zikateketea? Yeye alizitunza. Kwa mkono mmoja alibomoa, na kwa mwingine akaweka akiba.

Krapf alikuwa na jicho la kupambanua weupe na weusi mwendo wa kilomita 150. Lakini alipoitazama dini yetu, aliiona yote rangi moja. Alikaa na kadhi mwadilifu, alipewa barua na mfalme mkarimu, wala hayo hayakuibadili hukumu yake. Namna gani mtu aone vizuri mbali na asione karibu? Sababu ni kuwa jicho la mlimani lilikuwa likichunguza, na jicho la dini lilikuwa limekwisha kuhukumu. Alitumia tafauti kama mchora ramani: palipo na elimu yake akatia wino, na pasipo na elimu yake akapaacha patupu, kisha akadhani utupu huo ni wa nchi.

Alifariki tarehe 26 Novemba 1881. Kilimanjaro ilikuwa imekwisha kuthibitishwa tangu safari za von der Decken za 1861 na 1862. Lakini Mlima Kenya, Wazungu wengine hawakuukaribia mpaka mwaka 1883, alipouona Joseph Thomson kutoka upande wa Laikipia, katika safari ambayo sehemu yake alifuatana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani. Tarehe 13 Septemba 1899 Mwingereza Halford Mackinder na wenziwe wawili, Ollier na Brocherel, walikanyaga kilele cha Batian. Mwaka 1920 jina la mlima likapewa koloni zima, na mwaka 1963 likawa jina la taifa huru. Hivyo taifa hili limechukua jina lake katika weupe na weusi uliokabiliana.

Mwisho wa mwaka 1902 Waingereza waliweka kituo Nyeri, na katika miji iliyoota kuuzunguka mlima walifika askari, wapagazi na wachuuzi Waislamu, baadhi yao kutoka pwani. Leo Nyeri, Nanyuki na Meru zina mitaa iitwayo Majengo, na adhana husikika chini ya mlima ule ule. Lakini bado yako maneno katika vinywa vyetu yanayowagawa watu wa pwani na wa bara kama usiku na mchana. Mwislamu wa Kikuyu au wa Kimeru akija Mombasa au Lamu husikia wakati mwingine akiulizwa amesilimu lini, ilhali babu yake alizaliwa katika Uislamu. Hilo ni kosa la ramani tupu. Mtume wetu (s.a.w.) katika hija yake ya kuaga alitangaza kuwa Mwarabu hana ubora juu ya asiyekuwa Mwarabu, wala mweupe juu ya mweusi, ila kwa uchaji Mungu. Tunaposema fulani ana moyo mweupe na fulani ana roho nyeusi, tujue kuwa hiyo ni njia ya lugha, kama nyuzi za Adi bin Hatim. Mwenye kuichukua akaitia katika ngozi za watu amelala juu ya kamba zake na alfajiri imempita.

Na liko jambo jingine la kuzingatia. Weupe wa mlima ule unakwisha. Barafu iitwayo Lewis, iliyo kubwa kupita zote mlimani, imekwisha kupoteza takriban sehemu tisa kwa kumi za ujazo wake tangu mwaka 1934, kwa sababu ya kugeuka kwa hali ya hewa ya dunia. Maji mengi ya mito hutoka katika mvua na misitu ya mlima, kwa hivyo Tana haitakauka kwa kukosa barafu peke yake, misitu ikitunzwa. Lakini yumkini mtoto anayezaliwa leo Nyeri akaja kuutazama mlima akiwa mzee asione ila mwamba mweusi, akauliza kwa nini ulifananishwa na mbuni. Jina litabaki, na alichokipa jina maana yake hakitakuwapo. Kisha hapatakuwa na wa kumjibu ila waliohifadhi khabari kwa maandishi.

Basi tuyaandike yetu, kwa herufi zetu na kwa herufi za wengine. Tuwafundishe watoto herufi za babu zao, wasome wenyewe wasisubiri kusomewa kutoka Halle. Na tukimtazama mtu, awe rafiki au hasimu, tuutazame mlima wote, weupe wake na weusi wake, na tuzunguke tuutazame na kwa upande wa pili kabla ya kutoa hukumu.

Wallahu aalam.